Kiingereza changu hakinogi, kila kitu ni "very good" tu. Msamiati wenye picha unajengwaje?

Kalamu_Kavu
Wakuu habari za humu. Naombeni msaada kwa wanaojua. Kiingereza nakiandika, sarufi haina shida kubwa, nasoma ripoti ndefu naelewa na nikiongea sikwami. Tatizo hakinogi. Kitu kizuri ni very good, kibaya very bad, mtu akienda mahali ni walk, akiangalia ni look, akisema ni say, yaani nikirudia kusoma nilichoandika nasinzia mwenyewe. Kwa Kiswahili nikikusimulia tukio unaliona kabisa, ila nikihamia Kiingereza inakuwa muhtasari wa kikao. Nikaenda kwenye zile orodha za mtandaoni za maneno ya kukufanya uonekane msomi, nikakariri, nikayatumia, jamaa mmoja akaniuliza kwani unaandika barua ya mwanasheria? 😂 Sasa sitaki msamiati mkubwa, nataka msamiati ambao msomaji akisoma anaona. Nimeze kamusi au nifanyeje?

Mpita_Njia
Soma riwaya mkuu. Imeisha hiyo.

Kalamu_Kavu
@Mpita_Njia riwaya nasoma, naelewa, nafunga kitabu, nikishika kalamu nakuta bado niko na walk na look zangu.

Bi_Mhariri
Kalamu_Kavu hizo orodha tupa leo hii. Halafu jibu lako nusu umelitoa mwenyewe bila kujua, umesema ukisimulia kwa Kiswahili mtu anaona. Haya jiulize unafanyaje. Unasema kaanguka pu, kanyamaza ji, shati jeupe pe, giza totoro. Picha unaipachika pembeni ya kitenzi. Vitenzi vyenye picha ndani tunavyo pia, kunyata, kuchechemea, kupepesuka, lakini Kiingereza ndiko kimewekeza sana hapo. Trudge ni kujikokota, umechoka au njia mbaya. Stroll unatembea huna haraka ya kufika. Strut ni maringo kifua mbele. Stagger ni kupepesuka, limp ni kuchechemea, tiptoe ni kunyata kwa ncha za vidole. Njoo kwenye macho: glance ni kutupa jicho mara moja, stare ni kukodoa, peer unakaza macho kwa sababu kitu hukioni vizuri, glare unamtazama mtu kwa hasira. Sasa anayetafsiri kichwani anaandika he walked very slowly because he was very tired, maneno tisa, wakati he trudged ni mawili na msomaji keshaona mpaka mabega yalivyoshuka.

Na angalia hivyo vitenzi vilivyo vifupi, hakuna hata kimoja cha kujionyesha. Hapo ndipo zile orodha zilikupoteza. Kiingereza kina maneno ya tabaka tabaka, chini kabisa yale ya asili yake ya Kigermanik, yaani ukoo mmoja na Kijerumani, juu yake Kifaransa kilichoingia kwa wingi baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na juu kabisa Kilatini cha wasomi. Ndiyo maana unakuta ask, question, interrogate zote ni kuuliza. Au kingly, royal, regal. Kadiri unavyopanda neno linazidi kuwa rasmi na baridi. Orodha za "uonekane msomi" zinaokota ghorofa ya juu tu, ukiishi huko muda wote lazima usikike mwanasheria. Picha nyingi ziko chini huku kwenye vitenzi vya mwili na sauti, slam, creak, gulp, shiver.

Tanakali_Bubu
Niongezee hapo kwa Bi Mhariri, sisi tuliozoea pu na ji tuna bahati kidogo maana Kiingereza nacho kina sauti zinazobeba maana ila zimejificha mwanzoni mwa neno. Angalia gl: glow, gleam, glitter, glisten, glimmer, yote mwanga. Angalia sn: sniff, snore, snort, sneeze, snout, yote pua. Siyo sheria, maana snow haina pua na glove haina mwanga, ila ukiyajifunza kwa kundi namna hii yanashika haraka kuliko yakija moja moja kwa mpangilio wa alfabeti.

Mzee_Kipingamizi
Mnampoteza kijana. Hivi mmewahi kusoma hadithi ambayo kila mtu ana strut, stagger na trudge, hakuna anayetembea tu kama binadamu? Inachosha kuliko hiyo walk. Na say msiiguse kabisa, said kwenye mazungumzo msomaji haioni, inapita. Ukianza he exclaimed, she retorted, he opined kila mstari anaacha kusikiliza wanachosema anabaki kukutazama wewe mwandishi unavyohangaika.

La pili, maneno ya Kiingereza yana marafiki zake na huwezi kuwatenganisha. Mvua ni heavy lakini upepo ni strong, heavy wind hakuna anayesema. Uamuzi una make, uhalifu una commit. Mtu ni bitterly disappointed, fiercely loyal, hopelessly lost, jaribu kuzungusha hivyo vielezi uone, fiercely lost inachekesha tu. Kwa hiyo kwenye daftari neno lisikae peke yake, liandike na mwenzake au na sentensi nzima uliyolikuta.

Na thesaurus, ile orodha ya maneno yenye maana zinazokaribiana, iogope. Mwingereza Roget alipoitoa yake 1852 aliyapanga maneno kwa mafungu ya fikra, inafaa kumkumbusha mtu neno analolijua likamtoka, haifai kumfundisha asilolijua. Slim, skinny na scrawny utazikuta mahali pamoja, zote wembamba, ila ya kwanza ni sifa, ya pili inategemea unamwambia nani, ya tatu ni tusi. Fungua kamusi ya wanaojifunza lugha, zile zinazoeleza maana kwa maneno rahisi, Longman ya 1978 ilijifunga kutumia kama 2,000 tu kueleza maneno yote, na zina mifano ya sentensi. Mfano ndiyo mali, yale maelezo ya maana unaweza kuyasoma ukayaruka.

Bi_Mhariri
Mzee Kipingamizi kwenye said nakubali mikono yote miwili. Kwenye trudge sijasema kila sentensi 😏 walk inabaki pale ambapo namna ya kutembea haina maana kwenye stori.

Kalamu_Kavu
Asanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Ila bado swali langu la pale juu, trudge nilikuwa naijua! Nikiikuta naelewa. Kwanini haiji nikiandika?

Mpita_Njia
Nilijibu kifupi sana mwanzo, ngoja nirudi. Kuna msamiati wa kutambua na msamiati wa kutumia, na wa kwanza kwa kila mtu ni mkubwa zaidi, hata kwa mwenye lugha yake. Paul Nation, mtafiti wa msamiati, mwaka 2006 alikadiria kusoma riwaya au gazeti bila msaada unahitaji kama familia 8,000 hadi 9,000 za maneno, familia maana yake happy, unhappy na happiness zinahesabika moja. Kama unasoma riwaya bila kukwama basi mali unayo imelala stoo. Huhitaji maneno mapya mengi, unahitaji kuyatoa. Soma ukurasa mmoja wenye tukio, funga, andika tukio lile lile kwa maneno yako bila kuchungulia, kisha fungua ulinganishe, pale mwandishi aliposema lurched wewe ukasema moved suddenly ndipo pengo lako lilipo, na hilo hutalisahau kirahisi kwa sababu umelitafuta ukalikosa. Yale uliyoyakosa ndiyo uweke kwenye kadi, upande mmoja sentensi yenye nafasi wazi, upande wa pili neno. Rudia baada ya siku, kisha siku kadhaa, kisha wiki. Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alishaonyesha toka 1885 kwamba kusahau kunaenda mbio mwanzoni na kurudia kwa kuachanisha kunashinda kukariri kwa mkupuo. Programu kama Anki inakupangia yenyewe.

Na hiyo very, jipige marufuku kwa muda. Very tired iwe exhausted, very cold iwe freezing, very small iwe tiny. Ila usiniletee very exhausted, hayo tayari yamefika mwisho hayaongezeki, ukitaka kukazia ni absolutely exhausted.

Kalamu_Kavu
Nimejaribu chap chap hapa. Kabla: The old man walked slowly into the room and looked at us very angrily. Baada: The old man shuffled into the room and glared at us angrily. Vipi wakuu?

Mzee_Kipingamizi
Shuffled safi, miguu naisikia inaburuta. Angrily futa, glare hasira imo humo humo.