Tupeane uzoefu: kuitambua na kuitunza mipira ya mafuta kwenye pikipiki za zamani

Mwanzisha mada (Morogoro)

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu mipira ya mfumo wa mafuta kwenye pikipiki za kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) zenye umri mkubwa, kama Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na ambayo injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China, Yamaha DT125, Suzuki GN125 na nyinginezo ambazo bado zinafanya kazi mashambani na mijini. Nimeona kabureta nyingi zikifunguliwa na kusafishwa mara kwa mara kwa ajili ya tatizo ambalo kumbe lipo kwenye mpira, na kila kabureta inapofunguliwa bila sababu, skrubu zake huzidi kuliwa vichwa.

Naanza na CG125 yangu. Kutoka kwenye koki iliyo chini ya tangi unashuka mpira mfupi hadi kwenye kabureta. Huo ndio mpira wa mafuta wenyewe. Chini ya kikombe cha kabureta unatoka mpira mwembamba unaoning'inia kuelekea ardhini, nao kazi yake ni kutoa petroli iliyozidi au ile unayoimwaga kwa kulegeza skrubu ya kikombe. Upo pia mpira wa kupumulia, ambao mwisho wake haukuunganishwa popote, jambo linalowafanya wengi wadhani kwamba umechomoka na kutafuta mahali pa kuuchomeka. Wa mwisho ni mnene kuliko yote, unatoka kwenye injini kwenda kwenye boksi la chujio la hewa; huo hubeba mvuke wa oili, na haufai kubadilishwa kwa mpira wowote mwembamba utakaopatikana dukani.

Kabla ya kuchomoa chochote, ninaufuata kila mpira kwa kidole kutoka unapoanzia hadi unapoishia, kisha napiga picha kwa simu. Karibuni mweleze yenu.

Mchangiaji wa Dodoma

Ahsante kwa mada. Mimi naomba nizungumzie mipira ya plastiki inayoonyesha ndani, ikiwemo ile ya dripu na ile ya mafundi ujenzi ya kupimia usawa, ambayo hufungwa kwenye pikipiki nyingi kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ikiwa mipya hupendeza, maana unaona petroli ikishuka. Lakini petroli hukitoa polepole kile kiambata kinachoifanya plastiki iwe laini, na joto la injini hukamilisha kazi iliyobaki. Kwenye pikipiki ya jirani yangu mpira wa namna hiyo ulikuwa umegeuka rangi ya chai, umekakamaa kiasi kwamba ukiuzungusha kwenye mdomo wa koki unazunguka wenyewe bila kushika, na tone lilikuwa likidondokea kwenye mapezi ya silinda kila pikipiki iliposimama kwenye stendi ya pembeni. Hilo ni jambo la moto, si la kupoteza mafuta tu.

Mpira unaofaa ni mweusi, wenye nyuzi katikati ya tabaka zake, na uliochapwa ubavuni maandishi kwamba ni wa mafuta. Nikiona SAE J30R7 huwa naridhika, kwa kuwa hicho ni kiwango cha mipira ya petroli ya shinikizo dogo, nayo petroli ya kabureta hushuka kwa uzito wake tu. Mpira wa silikoni usiutumie hata kama muuzaji anausifu, kwa sababu petroli huuvimbisha.

Mchangiaji wa Iringa

Wenye GN125 naomba wasome hapa kwa makini. Koki yangu ina alama za ON, RES (akiba) na PRI (petroli hupita moja kwa moja hata injini ikiwa imezimwa), wala haina OFF. Nyuma yake hutoka mipira miwili: mmoja wa mafuta, na mwingine mwembamba zaidi unaokwenda kwenye njia ya hewa kati ya kabureta na injini. Injini ikizunguka hufyonza hewa kupitia huo mwembamba, kiwambo kilichomo ndani ya koki kinavutwa, na petroli inafunguka. Kwa hiyo ukichomoa mpira wa mafuta huku injini imezimwa na koki iko ON, petroli haitatoka, na wapo mafundi ambao kwa sababu hiyo husema koki imeziba na kudai inunuliwe mpya. Iweke PRI, uone kama inamwagika vizuri.

Kiwambo kikichanika, petroli hupita kwenye ule mpira mwembamba moja kwa moja hadi kwenye injini: moshi unakuwa mweusi, plagi inajaa masizi, na oili inanuka petroli. Kipimo changu ni kuuchomoa mpira huo upande wa injini na kutazama ndani. Unapaswa kuwa mkavu kabisa.

Mchangiaji wa Singida

Pikipiki yangu ilikuwa ikizima mwendo ukiongezeka, nayo ilikuwa imelazwa bandani msimu mzima. Mpira wa kupumulia wa kabureta ulikuwa umezibwa kwa udongo na nyigu. Nilipouzibua, tatizo likaisha.

Mchangiaji wa Kyela

Sisi wa mpakani tuna jambo letu. Petroli ya Malawi imekuwa ikichanganywa na ethanoli ya miwa tangu mwaka 1982, na mpira wa zamani ambao haukutengenezwa kwa ajili ya kileo haudumu ukiitumia kila siku. Dalili niliyoiona ni tofauti na ile ya Dodoma, kwani mpira haukukakamaa, bali ulilegea, ukavimba mwishoni, na ukiubinya unabaki umebonyea. Ndani yake ulikuwa ukiachia chembe nyeusi ambazo nilizikuta zimekusanyika kwenye kikombe cha kabureta. Ukikuta weusi wa namna hiyo, usiishie kusafisha kabureta. Upasue mpira kwa urefu uutazame.

Mchangiaji wa Sumbawanga

Wenye DT125 za injini ya oili ya mchanganyiko (mipigo miwili, oili huungua pamoja na petroli) msiusahau mpira wa oili kutoka kwenye tangi la oili hadi kwenye pampu, na ule mwembamba unaotoka kwenye pampu. Huo ukipasuka, pikipiki haitamisi (haitakatakata) kama ilivyo kwa petroli; itaendelea kwenda vizuri hadi pistoni ishike. Baada ya kuubadilisha, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu mpaka oili itoke bila mapovu.

Mwanzisha mada

Nashukuru sana, hasa kwa maelezo ya GN125. Nimeulizwa faraghani namna ya kuchomoa mpira ulioganda. Usiuvute kwa koleo, kwa maana mdomo wa kabureta unaweza kukatika. Uzungushe kwanza kwa vidole. Ukikataa, ukate kwa wembe kwa urefu, kwa mkono mwepesi, ili chuma kisichubuke. Mpya uloweke ncha yake kwenye maji ya moto kabla ya kuusukuma, na uukaushe ndani. Ukate kwa urefu utakaoufanya ushuke wakati wote bila kujikunja wala kugusa silinda. Tumia klipu ya waya ya saizi yake. Waya wa kufungia nondo huukata mpira taratibu.

Mchangiaji wa Dodoma

Naongeza moja: mpira wa chini ya kikombe ukianza kutoa petroli wenyewe, msiuzibe kwa msumari kama ninavyoona. Hapo sindano ya floti (kielea kinachofunga petroli kikombe kikijaa) haifungi, na petroli ikikosa njia ya kutokea itaingia kwenye injini na kuharibu oili. Funga koki, urekebishe sindano.

Mchangiaji wa Singida

Na baada ya kazi yote hiyo mnahakikishaje kwamba hakuna kuvuja?

Mwanzisha mada

Naifanyia nje, mbali na jiko, injini ikiwa ya baridi. Nafungua koki, nazungushia karatasi nyeupe kila mahali mpira ulipoungwa, kisha nasubiri kama dakika 10. Karatasi ikipata alama, narudia klipu kabla ya kuiwasha.