Hilux ya 22R inamisi: nianze na plagi na waya, kabureta, au nifungue hedi?

Mpunga_Dakawa
Wakuu, habari za kazi. Nina pikapu Hilux ya zamani, injini 22R ya kabureta. Ndiyo inayonibebea mpunga na mbolea kati ya Dakawa na Morogoro mjini. Sasa imeanza kumisi, yaani silinda hazichomi sawasawa. Ikiwa silensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza, na kwenye bomba la moshi unasikia pu, pu, pu kwa mdundo uleule. Ikiwa tupu inakwenda, lakini ukiipakia magunia, kamlima kadogo tu inaomba gia ya kwanza. Oili haipungui kwa kuonekana, na maji ya rejeta yapo.

Mafundi watatu wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anataka nibadilishe plagi, waya na kifuniko cha distributa. Wa pili anasema kabureta imekwisha, ninunue nyingine. Wa tatu anataka kufungua hedi, yaani kichwa cha injini, moja kwa moja. Jirani naye ananiambia niachane na hayo yote, nitafute injini used nifunge. Mavuno yanakaribia na hela yangu inatosha kufanya jambo moja tu. Ninyi mngeanza na lipi?

Spana_Tabata
Mkuu, hapo kwenye "mdundo uleule" ndipo pa kushika. Injini ikimisi kwa mpangilio, mara nyingi ni silinda moja iliyolala. Kabureta hiyo inalisha silinda zote nne, kwa hiyo ikichoka huwa zinaumwa zote, injini inakohoa ovyo au inazima ukiachia mafuta.

Usinunue kitu kwanza. Washa, iache silensa, halafu chomoa waya wa plagi mmojammoja kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Kichwa cha waya kiweke karibu na chuma cha injini ili moto upate pa kwenda. Ukikiacha kinaning'inia unaweza kuua koili. Ukichomoa na injini ikazidi kulegea, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na injini isijali, umempata mgonjwa. Namba 1 ni ya mbele, upande wa rejeta. Hakikisha pia hakuna aliyechanganya waya: mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2.

Ukishaijua silinda, hamishia plagi na waya wake kwa jirani yake. Kumisi kukihama navyo, umemaliza kazi kwa bei ya plagi. Kusipohama, weka hela mfukoni tuongee tena.

BintiGereji_Arusha
Naunga mkono, na naongeza: usiitupe hiyo plagi kabla hujaisoma. Ikitoka imelowa petroli, mara nyingi moto haufiki. Ikiwa na masizi makavu meusi, mafuta yamezidi au moto ni dhaifu. Ikiwa na oili, fikiria ringi au sili za valvu. Na ikitoka safi mno kuliko wenzake, kama imeoshwa, maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda hiyo, hapo ni gasketi ya hedi. Gepu ya plagi ya 22R ni milimita 0.8, hata mpya ipime, wala usiamini ilivyotoka kwenye boksi.

Waya upime kwa mita. Kila mmoja usizidi kilo-omu 25. Usiku zima taa, fungua boneti, nyunyizia maji kidogo juu ya waya injini ikiwa inawaka. Waya uliopasuka utauona wenyewe, unarusha cheche za bluu.

Kisauni_Baharini
Salaam aleikum nyote. Mimi naona mwamhukumu huyu wa kabureta mapema mno. Mipira ya hewa ya gari la umri huo hukauka na kupasuka, na kile kibao cheusi kilicho chini ya kabureta hupata ufa. Hewa ikiingia kwenye manifoldi karibu na mlango wa silinda moja, silinda hiyo peke yake hukosa mafuta ya kutosha, na dalili ni hiyohiyo ya mdundo. Tofauti yake ni kwamba huonekana zaidi kwenye silensa, ukikanyaga mafuta hupungua au hupotea. Angalia pia mpira wa hewa uendao kwenye sevo ya breki: kanyaga breki gari likiwa silensa, usikilize kama kumisi kunabadilika.

Kutafuta uvujaji tumia maji ya kunyunyizia, si petroli. Nimeona boneti ikiwaka moto kwa ujinga huo.

Spana_Tabata
Mzee wangu wa Kisauni, shikamoo. Hoja ya mipira naikubali, na ni bei ndogo. Ila yeye kasema akipakia ndipo nguvu inapotoweka. Uvujaji wa hewa haufanyi hivyo.

DerevaTani_Mbeya
Mafuta je? Kuna vituo vya pembeni ukijaza tu gari linaanza kukohoa. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji.

BintiGereji_Arusha
Kaka, mafuta mabaya hayachagui silinda moja.

Mpunga_Dakawa
Nashukuru sana wakuu. Nimefanya mlivyosema. Silinda namba 3 ndiyo haijali, ukichomoa waya injini inabaki vilevile. Nimebadilishana plagi na waya na namba 2, bado ni 3. Plagi yake ilitoka imelowa kidogo, haina oili, haijaoshwa. Kwa hiyo ni injini used?

Spana_Tabata
Taratibu mkuu. Umeshaokoa hela ya plagi, waya na kabureta, usiende kuimwaga kwenye injini. Azima geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, toa plagi zote nne, chomoa umeme wa koili, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata. Kwa 22R nzima kiwango ni kama psi 171, cha chini kabisa 142, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Iliyo chini itie oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Zikiwa chini mbili zinazopakana, gasketi imekatika katikati yake.

Mpunga_Dakawa
Majibu: ya kwanza 160, ya pili 158, ya tatu 95, ya nne 162. Nilipotia oili, ya tatu ikafika 100 tu.

BintiGereji_Arusha
Ringi zako ni nzima, na kwa namba hizo ningekuwa mkali kwa yeyote anayekuuzia injini used. Ile used huijui ilikotoka, wala cheni yake ya taiming na miongozo yake ya plastiki huijui. Hii yako silinda tatu ziko vizuri kabisa.

Kabla ya kufungua hedi, fungua kava ya juu upime tapeti, yaani nafasi ya valvu. Injini ikiwa ya moto, valvu ya kuingiza ni milimita 0.20, ya kutoa moshi ni 0.30. Pistoni namba 1 ikiwa juu kwenye kompresheni, set za kuingiza za 1 na 2, na za kutoa za 1 na 3. Zungusha krenki raundi moja nzima, kisha za kuingiza za 3 na 4, za kutoa za 2 na 4. Watu hufurahia tapeti zisizopiga kelele. Mimi huogopa za namna hiyo: valvu isiyo na nafasi haifungi sawasawa, haipoi, inaungua.

Mpunga_Dakawa
Dada, umeona kama ulikuwepo. Ya kutoa moshi ya namba 3 ilikuwa haina nafasi kabisa, fila geji haikuingia. Nimeset zote. Kompresheni ya tatu imepanda hadi 120, gari limetulia kiasi. Naweza kuvuna kwanza?

Kisauni_Baharini
Na mimi sasa nimeridhika, si kabureta. Lakini usivune nayo, kijana wangu. Imepanda ikakwama 120, maana yake valvu imeshaanza kuungua. Ukiipakia, mlima utaimalizia, na kipande kikikatika kitashukia kwenye pistoni. Hapo utamtafuta jirani yako akuonyeshe hiyo injini.

Spana_Tabata
Kwa hiyo ni hedi, lakini hedi tu. Nunua gasketi ya hedi, sili za valvu, na valvu ya kutoa ya namba 3. Nyingine zisagwe, kisha hedi ipimwe kama imepinda kabla ya kurudi.

Mwambie fundi wako mambo mawili kuhusu injini hii. Cheni aifunge kwa waya kwenye gia ya kemu kabla hajaitoa, isije ikadondoka na kupoteza taiming. Na kuna bolti moja mbele kabisa, mbele ya gia hiyo, imezama kwenye dimbwi la oili haionekani. Inashika hedi na kava ya cheni. Afyonze oili kwanza ndipo ataiona. Anayeisahau akaanza kuinua hedi kwa mtaimbo hupasua kava. Kufunga ni injini ikiwa baridi, bolti zote za hedi kwa hatua tatu hadi nyutoni-mita 78, kuanzia katikati kwenda nje.

Mpunga_Dakawa
Nimeandika yote. Gari linaingia gereji Jumatatu, mpunga wa kwanza nitakodi Canter.