Nyasi gani zinavumilia mpira wa watoto na mbwa? Bustani mpya

mamawatatu
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Nyumba ndo imeisha na uwanja wa mbele ni udongo mtupu, mafundi walikuwa wanakorogea zege hapohapo na malori ya mchanga yanapita juu yake muda wote wa ujenzi. Nataka kupanda nyasi ila sio za kuangalia tu, nina watoto watatu mpira kutwa nzima halafu mbwa mkubwa anakimbia kando ya ukuta njia ileile kila siku. Upande mmoja kuna mti, kivuli chake kinakaa karibu siku nzima. Jua huku ni kali na baridi ya kuganda hamna. Nimeambiwa ukoka, nimeambiwa zoysia, mwingine kasema zile za majani mapana. Ipi haitaniachia vipara?

jembe_butu
Ukoka huo huo dada, hizi wanaita bemuda. Viwanja vingi vya mpira vya nchi za joto wanapanda jamii hiyo na sababu sio kwamba haiumii, inaumia kama nyingine ila inapona haraka. Inatambaa juu ya ardhi na chini pia, kwahiyo hata daluga zikichana majani yote ya juu kuna mashina yamebaki chini yanachipua upya. Shida yake moja tu, kivuli haikitaki kabisa. Ikipata chini ya masaa 6 ya jua inaanza kunyong'onyea, inakuwa nyembamba halafu inapotea. Kwahiyo pale chini ya mti sahau.

Mzee wa Reki
Mnabishana aina ya nyasi wakati mtu kasema lori lilikuwa linapita! Chukua bisibisi ndefu udidimize kwa mkono udongo ukiwa na unyevu kidogo. Ikigoma baada ya sentimita chache jua mizizi nayo itagoma, na hapo hata upande nyasi za uwanja wa taifa zitakufa watoto wakianza kucheza. Udongo ulioshindiliwa hauna hewa, maji yanatuama juu, mizizi inabaki juujuu, sasa mtoto akigeuka na mpira anang'oa bonge zima. Lima angalau sentimita 15, okota vipande vyote vya zege na mabaki ya saruji (saruji inafanya udongo uwe wa chokaa mno), changanya samadi iliyooza vizuri, narudia iliyooza, mbichi inaunguza na inaleta magugu. Sawazisha kwa reki ukiacha mteremko kidogo maji yakimbie mbali na nyumba, kisha mwagilia uache utulie ndo ujaze mabonde. Nyasi zinakuja mwisho.

kijani_tu
Mzee kamaliza kwenye udongo. Mi naongezea kuhusu zoysia, ni ngumu kweli kukanyagwa, inafunga nene hata magugu yanakosa pa kupenya, na kivuli chepesi inakivumilia kuliko ukoka. Ila asee ni ya pole pole mno, kufunga uwanja inaweza kuchukua msimu mzima au zaidi na ikichimbika kishimo golini kitakaa muda mrefu. Kwa watoto watatu wa mpira mi nisingethubutu. Zile za majani mapana ndo zinapenda kivuli ila hazipendi kukanyagwa, ni za kupendeza tu. Nyasi za kikuyu je? Inapona haraka ajabu, ila itavuka ukuta iende kwa jirani na kwenye mboga zako.

baridi_kali
Anayesoma akiwa sehemu za baridi haya ya ukoka yasimhusu, unakauka rangi ya kahawia msimu wote wa baridi. Huko watu wanapanda nyasi za baridi, raigrasi ya kudumu, peke yake au imechanganywa na nyasi nyingine, feskyu ndefu yenye mizizi mirefu. Viwanja vya tenisi vya Wimbledon kwenyewe tangu 2001 ni raigrasi tupu, wanaikata milimita 8. Nyie wa nyumbani msijaribu hiyo 8 lakini.

mamawatatu
Asanteni sana jamani, bisibisi imegoma kama Mzee alivyosema 😅 Basi ni jembe kwanza. Sasa ukoka nipande mbegu au vipandikizi? Na mkojo wa mbwa?

jembe_butu
Vipandikizi, weka kimoja kila sentimita 15 hadi 20, nusu ya kikonyo iwe ndani ya udongo. Mwanzoni mwagilia kidogo kidogo mara nyingi, vikishika badilisha, maji mengi kwa mara moja ila kwa nafasi ili mizizi ishuke. Watoto wasikanyage mpaka uwanja uwe umefunga na ukivuta nyasi kwa mkono zinagoma kung'oka. Kukata usizidi theluthi moja ya urefu kwa mara moja, ziache kwenye sentimita 3 au 4 hivi. Mkojo ni naitrojeni nyingi sehemu moja ndo maana unaunguza, ukimuona anakojoa mwaga maji ya kutosha hapohapo.

Mzee wa Reki
Na ile njia ya mbwa kando ya ukuta usihangaike nayo, hakuna nyasi itakayomshinda mbwa, weka kokoto au vibao vya zege. Chini ya mti funika matandazo weka benchi. Goli nalo lihamishwe hamishwe, leo huku, wiki ijayo kule.