Ghala la chama cha kahawa lipangishwe, au vitabu vilivyomo vifunguliwe kwanza?

Mleta mada:

Ndugu zangu, naleta hoja ambayo imewagawa wanachama wa chama chetu cha msingi, huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro upande wa Moshi Vijijini, na naamini haituhusu sisi peke yetu. Tuna ghala la kahawa ambalo kwa misimu kadhaa halijapokea hata robo ya mzigo lililojengewa. Amejitokeza mtu anayetaka kulipanga kwa miaka mingi, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba tulikabidhi likiwa tupu. Ndani yake kuna mizani mbovu, magunia yaliyotafunwa na panya, na kabati la mbao lenye vitabu vya chama tangu kabla ya Uhuru. Wapo wanaosema vitabu hivyo vichomwe, kodi ianze kuingia. Wapo tunaosema mkataba usubiri mpaka tujue tunachotaka kukichoma.

Mimi ni wa kundi la pili, ila sababu zangu si zile zinazotajwa mara nyingi. Wenzangu wengi wanataka makumbusho madogo kwa ajili ya watalii wanaopanda Materuni na vijiji vingine kutazama kahawa ikitwangwa na kukaangwa. Siwapingi sana, fedha ni fedha. Lakini mgeni huuliza maswali ya mgeni: kahawa ilifikaje hapa, inakaangwaje, na picha nzuri inapigwa wapi. Swali letu yeye hana haja nalo, nalo ni hili: watu wa kijiji hiki walikuwa wanakubaliana vipi, na waliacha lini kukubaliana?

Kila mtoto wa Kichaga amesimuliwa habari za ushirika, kuanzia mibuni ya wamisionari wa Kilema, hadi KNPA, chama cha wakulima wenyeji wa kahawa cha mwaka 1925, hadi KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoandikishwa mwaka 1933. Masimulizi hayo hupanda tu, kama njia ya kwenda kilele cha Kibo. Hayasemi mengi kuhusu vurugu za mwaka 1937, wakati baadhi ya wakulima walipogoma kulazimishwa kuuza kahawa yao kupitia KNCU peke yake. Mwaka 1976, serikali ilipovivunja vyama vikuu vya ushirika, unapitwa mbio, na sheria ya mwaka 1982 iliyofungua njia ya kuvirejesha hutajwa kwa nadra. Yakifika miaka ya 1990, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, msimulizi huilaumu bei, huulaumu ugonjwa wa chulebuni, kisha hunyamaza. Bei na chulebuni ni kweli tupu. Hata hivyo, aina za mibuni zinazostahimili chulebuni zimekwishatolewa na watafiti wa kahawa wa Lyamungu, ambao ni majirani zetu kabisa, na bado katika vihamba vingi, yaani mashamba yetu ya ukoo, imebaki migomba peke yake. Kijana ukimshauri apande, atakujibu kwamba kupanda anaweza. Asichokiweza ni kupeleka buni zake kwenye mizani ya chama na kuyasubiri malipo ya pili kwa watu asiowaamini.

Desemba iliyopita, waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko walipokuwa wamerudi nyumbani, tulilifungua kabati hilo watu wanne pamoja na mzee aliyewahi kuwa karani wa chama. Tulililaza daftari la msimu wa 1961/62 juu ya meza. Uzito umeandikwa kwa ratili. Aliyejua kuandika ameweka sahihi, asiyejua ameweka dole gumba kwa wino wa zambarau, na mzee alizitambua alama mbili kabla hajasoma jina, kwa sababu anakumbuka ni nani aliyekuwa na kovu la panga. Pembeni kuna safu nyembamba ya makato, senti chache kwa kila mzigo, na juu yake karani wa wakati ule ameandika kwa mwandiko mzuri wa kukozwa: “Shule.” Ni shule ileile ambayo leo madirisha yake yamezibwa kwa vipande vya bati, nasi tunasubiri serikali ituletee vioo.

Mzee akatueleza jinsi makato hayo yalivyokubaliwa, jambo ambalo daftari halilisemi. Ilihitajika mikutano mitatu. Wa kwanza ulivunjika kwa matusi, wa pili haukutimiza akidi, na wa tatu ulikubali baada ya waliokuwa wanapinga kuahidiwa kwamba hesabu ya makato itasomwa kwa sauti kila mwezi, Jumapili, nje ya kanisa. Karatasi peke yake ingetupa tarakimu bila ule ugomvi, na mzee peke yake angetupa ugomvi bila tarakimu (wazee wetu mnawajua, kila mwaka makato yangeongezeka kidogo). Tulipofika katikati ya daftari la baadaye, mzee alifunua kurasa mbili kwa mkupuo. Nikamwomba arudi nyuma. Akaweka kiganja juu ya daftari, akasema, “Hapo tupaache, mwanangu. Watoto wao wapo.”

Kurasa hizo alizozikwepa ndizo zinazonifanya niandike. Kijiji kizima kinajua kwamba kuna fedha ziliwahi kupotea, lakini hakuna anayejua ni kiasi gani, msimu gani, wala kama zilirudishwa. Kwa hiyo upotevu huo umekua mwaka hadi mwaka midomoni mwa watu, na kila kamati mpya, hata iwe safi namna gani, inaurithi siku ya kuchaguliwa kwake. Napendekeza vitabu visomwe hadharani, mwaka baada ya mwaka, wazee wakiwapo kueleza yasiyoandikwa, na vijana wakipiga picha kila ukurasa kwa simu. Hapo mjini tuna Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963, ambacho wanafunzi wake wanajifunza uhasibu wa vyama kama chetu. Sioni kwa nini tusiwaombe. Natamani kusikia wanaopinga wanasemaje.

Mwanachama mkazi:

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini umeandika kama mtu wa Desemba. Mimi niko hapa Machi, wakati paa la ghala linavuja juu ya hilo kabati lako, na niko hapa Septemba, tunapobishana nani anunue dizeli ya mashine ya kumenyea. Kodi ya huyo mpangaji ingeitengeneza mashine. Vitabu vyako vitaitengeneza kwa namna gani?

La pili ni zito zaidi. Katika ukoo wetu iliwahi kutolewa karatasi ya zamani iliyoonyesha kwamba kahawa ya kihamba fulani ilikuwa ikiuzwa kwa jina la baba mdogo. Mpaka wa kihamba hicho uliwekwa kwa masale, mimea yetu ya kuwekea mipaka, na masale hayo yaliheshimiwa tangu sijazaliwa. Karatasi ilipelekwa barazani, na hadi leo watoto wa baba wakubwa na wa baba wadogo hawazikani. Daftari la kahawa halikuandikwa ili kuthibitisha nani mwenye ardhi, lakini mwenye tamaa haulizi liliandikwa kwa ajili gani. Ukisoma hadharani majina na ratili za kila mtu, utapata kesi nyingi kuliko mibuni.

Mchangiaji kutoka Marangu:

Mimi naunga mkono usomaji, ila niulize: wanawake mtawasoma wapi? Marehemu mama yangu ndiye aliyekuwa akichuma, akimenya, akianika, kisha akibeba kichwani hadi kwenye mizani. Dole gumba lililoko daftarini ni la baba, aliyekuja siku ya malipo akiwa amevaa koti. Mkiwakalisha mezani wazee wanaume watupu, watawasimulia walichotia sahihi. Waiteni na akina bibi, nao waketi mbele, si jikoni kwenye pombe ya mbege.

Mleta mada:

Nawashukuru nyote wawili. Dada wa Marangu, hilo sikulifikiria, na nakiri kwamba siku ile ya kabati tulikuwa wanaume watupu.

Kaka yangu mwanachama, umenipiga mahali panapouma. Ni kweli ni mtu wa Desemba. Hoja ya vihamba naikubali pia, na narekebisha pendekezo langu: kurasa zinazoonyesha mzigo wa mtu mmoja mmoja zisisomwe hadharani, mwanachama au warithi wake waone za kwao tu, na juu ya kila nakala iandikwe kwamba haithibitishi umiliki wa ardhi. Zinazopaswa kusomwa kwa sauti ni jumla za msimu, makato, madeni na mihtasari ya mikutano. Usomaji nao ufanyike Juni, kabla ya mavuno kushika kasi, wakati wanaouendesha ushirika huu mwaka mzima ndio waliopo.

Mashine sijaisahau. Sharti la ghala kuwa tupu ni la mpangaji, wala hakuna sheria inayotukataza kumwambia kwamba chumba cha karani kinabaki cha chama. Hatujawahi hata kumuuliza. Tunataka kuviteketeza vitabu vya babu zetu kwa kuogopa jibu la swali ambalo hatujaliuliza.

Na tukumbuke tunachowadai wengine. Watu wa Old Moshi wamekuwa wakiulizia kichwa cha Mangi Meli, mtawala wao aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Mwaka 2023 ilitangazwa huko Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa kutoka huku kwetu, ingawa la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwao. Koo ziliendelea kusimulia, na makabati ya ugenini yakalazimika kufunguliwa. Sijui tutayadai kwa uso gani mafuvu yaliyobaki, huku kabati letu tunalitafutia kiberiti.

Kabla mkutano mkuu haujapiga kura, ningependa kusikia kutoka kwa wale ambao vyama vyao vilikwishapangisha maghala, Hai, Rombo, Meru au kwingineko: vitabu vilikwenda wapi, na ufunguo wa mahali vilipo anao nani? Wa kwetu ni mmoja tu, na anatembea nao mwenyekiti.