Nundu ya galaksi inayomeza sahani yake: kosa liko kwenye modeli au kwenye picha?

Mwalimu_Moshi aliuliza:

Salamu kutoka Moshi, ndugu zangu. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na jioni ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu kupima sehemu za galaksi kutokana na picha zake: nundu iliyo katikati, sahani inayoizunguka, na jinsi mwanga unavyogawanyika kati ya hizo mbili. (Neno nundu nimelipata kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye, alipoona picha ya galaksi inayoonekana kwa ubavu, alisema huo ni mgongo wa ng'ombe wa kienyeji. Sijapata neno bora kuliko hilo.)

Picha zangu ni za Sloan Digital Sky Survey (mradi wa kupiga picha anga), katika kichujio cha r, yaani cha mwanga mwekundu, na ninatumia programu ya GALFIT, ambayo hulinganisha modeli ya galaksi na picha. Kila sehemu ninaiwakilisha kwa mlinganyo wa Sérsic, ambao kipeo chake n kinaeleza jinsi mwanga ulivyokusanyika: sahani ya kawaida ina n = 1, na nundu niliianzisha kwenye n = 4, nikaiachia programu itafute thamani inayofaa. Kati ya galaksi zangu 12, tisa zimetoa majibu yanayoingia akilini. Tatu zimenishinda, na hii ndiyo mbaya kuliko zote:

Nundu: magnitudi 14.1, Re sekunde za tao 38, n = 7.8.
Sahani: magnitudi 14.5, h sekunde za tao 12.

(Magnitudi ndogo ni mwanga mwingi zaidi, na sekunde ya tao ni sehemu ya 3600 ya digrii.) Re ni nusu kipenyo cha eneo linalobeba nusu ya mwanga wa sehemu husika, na h ni umbali ambao mwangaza wa sahani hupungua kwa mara 2.7. Kwa sahani, Re ni h mara 1.68, yaani sekunde 20 hivi. Kwa hiyo nundu yangu imekuwa pana kuliko sahani inayoibeba, na imechukua asilimia 59 ya mwanga wote, ilhali kwa macho ninaona galaksi yenye mikono miwili mizuri na kitovu kidogo tu. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba kai-mraba, yaani kipimo cha tofauti kati ya modeli na picha, ni 0.03, na mimi nilidhani thamani ndogo ni dalili ya ulinganifu mzuri. Kipande cha picha nilichokata kina pikseli 200 kwa 200. Nimekosea wapi?

Kijana_wa_Tengeru alijibu:

Shikamoo, Mwalimu. Nitaanza na hiyo kai-mraba, kwa sababu nadhani ndiyo iliyofichua tatizo. Ikiwa programu inajua kelele ya kila pikseli (kuyumba kwa nasibu kwa thamani yake) kwa usahihi, na modeli inafaa, kai-mraba kwa kila digrii ya uhuru (karibu sawa na kila pikseli) inapaswa kukaribia 1. Thamani ya 0.03 haimaanishi kwamba modeli ni nzuri mno. Inamaanisha kwamba programu imeambiwa picha ina kelele nyingi kuliko iliyo nayo.

Sababu yake ni vipimo vya picha yenyewe. Fremu za Sloan tunazopakua siku hizi zimekwisha kuondolewa mwanga wa usuli wa anga, na thamani za pikseli zimegeuzwa kuwa nanomagi, kipimo cha mwanga ambapo nanomagi 1 ni sawa na magnitudi 22.5. GALFIT, usipoipa picha ya kelele, huikokotoa yenyewe ikidhani kwamba pikseli zina hesabu halisi zilizotoka kwenye kamera. Katika kichujio cha r, hesabu moja ni karibu nanomagi 0.005, kwa hiyo pikseli yenye nanomagi 1 ilikuwa na hesabu zipatazo 200. Programu inaiona 1, inadhani mwanga uliopokelewa ni kidogo sana, na inaipa kelele ambayo inaweza kuzidi ile ya kweli kwa mara kumi hivi. Kosa hilo haligawanyiki sawasawa: linazidi kadiri pikseli inavyong'aa. Katikati ya galaksi, mahali ambapo habari zote za nundu zipo, ndipo panapopewa uzito mdogo kuliko panavyostahili, na nundu inabaki huru kutangatanga nje ikitafuta mwanga hafifu wa kujishikiza.

Dawa ni kurudi nyuma. Ndani ya faili hiyo hiyo ya fremu, baada ya picha, kuna safu ya urekebishaji na jedwali la usuli lililoondolewa. Gawanya picha kwa safu ya urekebishaji ili upate hesabu, rudishia usuli, kisha tengeneza picha yako ya kelele na uikabidhi kwa programu. Mimi ilinichukua siku mbili, moja ikiwa ya kusubiri umeme urudi.

La pili ni ukubwa wa kipande. Pikseli moja ya Sloan ni sekunde za tao 0.396, kwa hiyo pikseli 200 ni sekunde 79 tu, na kutoka katikati hadi ukingoni ni sekunde 40, ambazo ni h mara 3.3. Asilimia 16 hivi ya mwanga wa sahani (tukichukulia kwamba tunaitazama kutoka juu) iko nje ya umbali huo. Kwa maneno mengine, hakuna hata pikseli moja ya anga tupu kwenye kipande chako, na ikiwa umeiacha programu itafute usuli yenyewe, basi usuli na mabawa ya nundu (mwanga wake hafifu wa pembezoni) vinagombea mwanga ule ule, wala hakuna wa kuamua ugomvi huo. Ukifika h mara 6, kilichobaki nje ni chini ya asilimia 2. Kata kipande cha angalau pikseli 600 kwa 600, pima usuli mbali na galaksi, ufungie thamani hiyo, na nyota zilizo jirani uzizibe, yaani pikseli zake zisihesabiwe.

Mama_Darubini alijibu:

Kijana amesema kweli, nami ningefuata utaratibu huo huo. Hata hivyo, Mwalimu, umetaja jambo moja kama la kupita tu: mikono miwili mizuri. Naomba uitazame tena picha hiyo, ukiwa umebadilisha kiwango cha mwangaza ili katikati pasiwe peupe pote, uone kama mikono inaanzia kwenye nundu yenyewe au kwenye ncha za upau ulionyooka unaopita katikati. Ikiwa upau upo nawe umeipa programu sehemu mbili tu, haina mahali pa kuuweka mwanga wa upau isipokuwa kwenye nundu. Mtafiti Dimitri Gadotti alionyesha mwaka 2008 kwamba kuuacha upau nje ya modeli kunaweza kuikuza sehemu ya mwanga inayohesabiwa kuwa ya nundu hadi mara mbili. Ongeza sehemu ya tatu, uianzishe kwenye n ya 0.5 hivi, iwe ndefu na nyembamba, na pembe yake uipime kwa jicho kwanza. Usiianzishe ikiwa duara, kwa sababu itakimbilia kuwa nundu ya pili, na utashinda usiku kucha ukizitenganisha pacha wawili.

Pia hujatuambia umetumia sura gani ya nyota. Hapa Arusha, ukungu wa Juni unaposhuka kutoka Meru, taa ya bodaboda inayokuja kutoka Ngaramtoni huonekana kama mpira mkubwa wa nuru, ingawa taa yenyewe inaenea kiganjani. Hewa iliyo juu ya darubini huifanyia nyota vivyo hivyo: katika picha za Sloan nukta ya nyota hutawanyika hadi upana wa sekunde za tao 1.3 hivi. Nundu ndogo nayo imetawanywa, na ndiyo sababu programu huichukua modeli, ikaitawanya kwa sura hiyo ya nyota, kisha ndipo inailinganisha na picha. Sloan hutoa faili ya kutengenezea sura ya nyota mahali popote kwenye fremu. Itumie hiyo, itengeneze mahali galaksi yako ilipo, usiazime nyota ya kona nyingine. Na ikiwa Re ya nundu itatoka karibu na nusu ya upana huo, n utakayoipata usiitegemee. Iandike kwenye jedwali ukipenda, lakini usijenge hoja juu yake.

Mzee_wa_Nyota alijibu:

Nawaheshimu wote waliotangulia, ila naona mnamchosha Mwalimu bure. Sisi tulifundishwa kwamba nundu ni n = 4, kwa kanuni ya Gérard de Vaucouleurs ya mwaka 1948. Fungia n kwenye 4 na tatizo la 7.8 litaisha leo hii.

Mama_Darubini alijibu:

Shikamoo, Mzee. Litaisha kwenye jedwali, lakini litabaki kwenye picha. Kanuni ya mwaka 1948 ililenga galaksi za duaradufu, na José Luis Sérsic aliiachia n ibadilike kwa sababu si kila galaksi ilikubali 4. Tofauti yake si ndogo: kwa n = 4, asilimia 15 ya mwanga iko nje ya Re mara 4, wakati kwa n = 1 haifiki hata asilimia 1. Nundu nyingi za galaksi zenye mikono zina n chini ya 2, nazo zina tabia zaidi kama ya sahani ndogo iliyojikusanya katikati. Ukiivika nundu ya namna hiyo n = 4, umeipa mabawa ambayo haina, na mabawa hayo yataliwa kutoka kwenye sahani, yaani kosa lile lile la Mwalimu kwa kipimo kidogo.

Kufungia n ni halali pale nundu inapokuwa ndogo mno kupimika, mradi tasnifu iseme hivyo waziwazi. Hapa hatujafika huko.

Mzee_wa_Nyota alijibu:

Marahaba, mama. Hilo la mabawa nimelielewa. Lakini mwenye kuweka sehemu tatu naye aangalie asije akaweka nne, kwa maana ukiongeza sehemu, kai-mraba itashuka hata kama sehemu hiyo haipo mbinguni.

Mwalimu_Moshi alijibu:

Nawashukuru sana, na nimechelewa kurudi kwa sababu ya usahihishaji wa mitihani. Nimerudisha picha kwenye hesabu, nimekata kipande cha pikseli 700, usuli nimeupima na kuufungia, na sura ya nyota nimeitengeneza upya. Baada ya hayo tu, nikiwa bado na sehemu mbili, n ilishuka kutoka 7.8 hadi 3.4 na kai-mraba ikawa 1.31. Kisha nikafungua picha ya mabaki, yaani picha halisi ikiwa imeondolewa modeli, na katikati yake kulikuwa na mstari mweupe ulionyooka, umezungukwa na madoa mawili meusi kama macho ya bundi. Upau ulikuwepo tangu mwanzo; mimi ndiye niliyekuwa nikiitazama galaksi hiyo katika kiwango cha mwangaza kilichoufuta.

Kwa sehemu tatu nimepata nundu ya magnitudi 15.6 yenye n = 1.7 na Re ya sekunde za tao 2.3, upau wa magnitudi 16.0, na sahani ya magnitudi 13.9. Nundu sasa ina asilimia 15 ya mwanga, upau 11, sahani 74. Kai-mraba ni 1.08, na kwenye mabaki imebaki mikono peke yake. Kwa kuheshimu onyo la Mzee, nilijaribu sehemu ya nne: kai-mraba ilishuka hadi 1.07, na sehemu hiyo ikajichagulia Re ya pikseli 0.2. Nimeifuta.

Nilipoupandisha na kuushusha usuli kwa kiasi cha wasiwasi wa kipimo chake, n ya nundu ilisogea kati ya 1.5 na 2.0, na hiyo ndiyo nitakayoiandika kama mipaka ya makosa, maana ile programu inayonipa ni 0.02 na siiamini. Galaksi ya pili kati ya zile tatu imekubali kwa njia hiyo hiyo. Ya tatu ina nyota angavu karibu kabisa na nundu, nimeiziba na kuizibua mara nne, na kila mara inanipa jibu jingine. Nitaiondoa kwenye sampuli na kueleza sababu. Zile tisa nilizodhani ni nzima nazo nimeanza kuzirudia, kwa kuwa zilipita kwenye picha za nanomagi zile zile.