Tarumbeta la kwaya: pistoni ya 2 inanata asubuhi, slaidi ya 3 imeganda, na kinanda hakipatani nalo

Besi_Mwandiga
Wakuu habari. Kwaya yetu hapa Kigoma imepata tarumbeta la B flati, la mtumba. Kasha limechakaa ila lenyewe halijatoboka popote. Shida ziko tatu. Pistoni ya katikati (ile ya 2, inayobonyezwa kwa kidole) inanata kwenye ibada ya asubuhi, ikifika saa sita mchana inaanza kurudi yenyewe. Slaidi ya pistoni ya 3, yaani kile kibomba cha kuvuta nje na ndani chenye pete ya kidole, haisogei hata nukta. Halafu mpiga kinanda analalamika kwamba tukiwa kwenye C, Doh yetu ya chini iko juu kuliko yake, noti nyingine hana neno nazo. Kupandisha toni moja tunajua (kinanda C, tarumbeta D), kwa hiyo si hilo.

Muuzaji alisema mafuta "yoyote mepesi" yanafaa. Fundi baiskeli wa Mwanga anataka kuisugua pistoni kwa msasa laini. Tumruhusu?

Shaba_Tupu
Msasa hapana! Nafasi kati ya pistoni na silinda yake ni nyembamba kuliko unywele. Ukisugua, pistoni italegea, pumzi itapitia pembeni, sauti itakuwa ya kukoroma kila noti, na hakuna fundi wa mtaani atakayekurudishia ile chuma iliyoliwa.

Hiyo ya kunata asubuhi na kuachia mchana inasema jambo. Chomoa pistoni, ifute kwa kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na rangi ya chungwa, basi mtu amepaka mawese. Mawese huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 35 hivi, na asubuhi ya Kigoma haifiki huko. Mchana jua likipiga bati la kanisa, yanalainika. Alizeti nayo haifai: haigandi kwa baridi, lakini ikikaa wiki kadhaa inageuka gundi.

Kusafisha: chukua beseni, tandika taulo chini lisikwaruzwe. Maji vuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto. Ya moto sana yanabambua vanishi. Tia sabuni ya maji ya vyombo, kijiko kimoja kinatosha. Chomoa pistoni zote tatu uzipange kwa namba. Ya 1 ndiyo iliyo karibu na mdomo wa mpigaji, na kila moja ina namba imegongwa juu yake. Usizichanganye, kila pistoni imesawazishwa na silinda yake. Fungua vifuniko vya chini, chomoa slaidi zinazotoka, zamisha mwili nusu saa.

Pistoni zenyewe usizizamishe. Shika kichwani, osha kuanzia katikati kwenda chini, maana kule juu kuna viduara vya kitambaa kizito vinavyozuia kelele. Vikilowa vinavimba na pistoni haitashuka mpaka mwisho. Mawese yaliyong'ang'ania kwenye matundu yatoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha osha tena kwa sabuni. Ndani ya silinda pitisha kitambaa kisichotoa nyuzi, kimezungushwa kwenye kijiti cha mbao. Waya usiuguse.

Ikishakauka, tia matone manne matano ya mafuta ya pistoni, irudishe taratibu, izungushe hadi usikie "tik". Isipokaa hapo, au ukiingiza ya 1 kwenye nafasi ya 2, ukipuliza utaona kama unapuliza jiwe. Watu hupeleka tarumbeta kwa fundi kwa sababu hiyo tu.

Ujiji_Konet
Naongezea moja kabla hamjafurahi. Pistoni ya 2 ina ubaya wake: slaidi yake fupi imechomoza ubavuni, tarumbeta likianguka au likibanwa na mizigo kwenye behewa, pigo lote linaishia kwenye silinda ya katikati. Mkishaosha, iingizeni pistoni kavu, bila springi, iteremke kwa uzito wake. Ikisimama sehemu ileile kila mara, silinda imebonyea. Hapo ni fundi wa vyombo vya shaba mwenye kifaa cha kuinyoosha kwa ndani, sabuni haitasaidia.

Kinanda_Kando
Mpiga kinanda wenu yuko sahihi, na shida ya pili ndiyo inayozaa ya tatu. C ya kinanda kwa tarumbeta ni D, na D ya chini inapigwa kwa pistoni 1 na 3 pamoja. Bomba la tarumbeta lina urefu wa karibu sentimita 148. Pistoni ya 1 inaongeza kama 18, ya 3 inaongeza kama 28, jumla 46. Lakini kushuka hadi D kunahitaji karibu 49.5, kwa sababu ya 3 ilikatwa kwa hesabu ya bomba fupi, na ukishabonyeza ya 1 bomba si fupi tena. Zinapungua sentimita tatu na nusu, noti inapanda. Ndiyo maana ya ile pete! Slaidi ina miguu miwili, kwa hiyo ukiisukuma nje sentimita 1.7 umefidia zote. Kwenye matarumbeta mengi inatosha sentimita moja hivi, kwani viwanda huirefusha kidogo ile ya 3 toka mwanzo. C shapu ya chini (1, 2 na 3) inataka zaidi, sentimita mbili na kitu. Noti nyingine hazina kasoro kubwa, ndiyo sababu hazilalamikiwi.

Msidanganyike kuvuta slaidi kubwa ya mbele ili kuirekebisha D peke yake. Mtazishusha noti zote.

Kuifungua iliyoganda: tieni mafuta ya kulegeza kutu pale mguu unapoingilia, laza tarumbeta ili yazame, acheni usiku kucha. Asubuhi mwagieni bomba la nje maji ya moto kidogo, mahali hapo tu. Pitisheni mkanda wa kitambaa kwenye kipindo cha slaidi, mmoja ashike mwili karibu na slaidi yenyewe, mwingine avute kwa kushtua, sawasawa na miguu, bila kupindisha. Pistoni ya 3 iwe imebonyezwa hadi chini, la sivyo hewa ya ndani inavuta kurudi. Ikikataa, rudieni mafuta siku mbili tatu. Nyundo na moto wa gesi msikaribishe: maungio yameshikwa kwa lehemu laini, yanaachia mapema kuliko mnavyodhani.

Besi_Mwandiga
Kitambaa kimetoka rangi ya chungwa, na kinanuka mawese kabisa 😅. Pistoni kavu inateremka bila kusimama. Slaidi tumeiwekea mafuta leo. Swali: mafuta ya pistoni hapa mjini hatujayaona. Tutumie ya taa, au ya cherehani?

Shaba_Tupu
Ya taa yanakauka upesi, utapaka kila baada ya wimbo, na harufu yake unaivuta puani. Ya cherehani ni mazito kidogo, pistoni itarudi kwa uvivu, lakini kwa wiki chache yanastahimilika, matone mawili tu. Agizeni chupa Dar ije na basi au treni. Chupa ndogo ya mililita 60 inamtosha mpigaji mmoja miezi mingi.

Slaidi kubwa ya mbele ipakeni mafuta ya mgando, kiasi cha punje ya mchele kila mguu. Yakizidi, joto litayashusha hadi kwenye pistoni na mtaanza upya. Ile ya pete isipakwe mgando, inatakiwa iteleze huku unapiga. Itoneeni mafuta ya cherehani.