MJADALA: Mwenye nyumba akifuta buking yako ili awahifadhi wakimbizi, ana haki?

Wakuu, habari za leo.

Hoja hii naileta kwa sababu juzi ilizuka tena mezani kwetu hapa Leipzig, Watanzania na Wakenya tukipanga safari ya pamoja, na watu wakaachana kwa hasira. Swali ni hili: umekodi nyumba kwa siku chache, umelipa, safari imekaribia, halafu mwenye nyumba anafuta buking yako kwa sababu ameamua kuwaweka wakimbizi. Ana haki? Na wewe uliyefutiwa ukilalamika, umekosa utu?

Kisa chenyewe ni cha rafiki yetu mmoja, Mtanzania. Mwishoni mwa Februari 2022 alikodi apatimenti Kraków, Poland, kwa usiku nne, akalipa yote. Kesho yake anapanda treni, jioni ukaingia ujumbe: "Samahani sana. Nyumba nimempa mama na watoto wake wawili kutoka Kyiv. Pesa zako utarudishiwa." Alipotaka kujibu, buking ilishafutwa.

Naanza na upande wa mwenye nyumba, maana anastahili kutetewa. Urusi ilivamia Ukraine tarehe 24 Februari, na ndani ya wiki moja watu milioni moja walikuwa wameshavuka mipaka, wengi wao wakiingia Poland. Wanaume wa miaka 18 hadi 60 walizuiwa kutoka, kwa hiyo waliokuwa wanashuka kwenye treni pale Przemyśl, mji wa Poland karibu na mpaka, na kuendelea hadi Kraków walikuwa kina mama, watoto na wazee. Usiku baridi ilikuwa inashuka chini ya sifuri. Kraków ni mji wa watalii, una apatimenti nyingi sana za kukodisha kwa siku, na hakuna paa la haraka kuliko hilo: vitanda vimeshatandikwa, jikoni kuna sufuria, ufunguo uko ndani ya kisanduku cha namba mlangoni. Kambi inajengwa kwa wiki, lakini apatimenti ni dakika kumi.

Kwa hiyo nyumba kuwapa wakimbizi sina ugomvi nako. Ningekuwa mimi, na mama huyo amesimama mbele yangu na watoto, ningempa.

Ugomvi wangu ni kwamba mgeni hakuulizwa. Sasa niwaambie rafiki yetu alikuwa anakwenda kufanya nini Kraków. Hakuwa anakwenda kutalii. Mdogo wake alikuwa anasoma udaktari Kharkiv, Ukraine, na wakati huo alikuwa njiani kuelekea mpakani na begi moja la mgongoni, simu inazimika na kuwaka. Kaka mtu alikodi nyumba ile ili kijana akivuka tu apate pa kuoga na kulala. Mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, alimnyang'anya mkimbizi mmoja kitanda akampa mwingine, na hakujua, kwa sababu alichokuwa anakiona kwenye skrini yake ni jina, tarehe na idadi ya watu.

Tusisahau hali ya Waafrika mpakani siku zile. Tarehe 28 Februari Umoja wa Afrika ulitoa tamko la kulaani taarifa kwamba Waafrika walikuwa wanazuiwa kuvuka, ukiuita ubaguzi wa rangi. Na waliofanikiwa kuvuka hawakupokewa sawa. Ulinzi wa muda ambao Umoja wa Ulaya uliuwasha tarehe 4 Machi uliwalenga hasa raia wa Ukraine na familia zao, na mwanafunzi wa kigeni mwenye kibali cha muda mara nyingi aliachwa nje. Poland ilimpa siku 15 za kukaa. Kijana wa namna hiyo alitegemea alicholipiwa na ndugu yake. Hiyo apatimenti ndiyo ilikuwa msaada wake wote.

Nimeshaambiwa: "Hicho ni kisa kimoja, wageni wengi ni watalii tu." Sawa, lakini Machi ile nani alikuwa anakwenda Kraków? Walikuwepo waandishi wa habari, wauguzi wa kujitolea, madereva waliobeba nepi na dawa, watu waliofuata mama zao na shangazi zao. Hata miaka isiyo ya vita mtu anakodi nyumba karibu na hospitali ili amuuguze mgonjwa wake, na haandiki hayo popote.

Jambo la pili ni gharama. Pesa zilirudi, kweli, lakini zilikaa siku kadhaa njiani kati ya benki na benki, na usiku ule Kraków chumba kilikuwa hakipatikani. Sadaka unaitoa mfukoni mwako. Ukiitoa mfukoni mwa mwenzako bila kumwambia, hapo umemlazimisha achangie, na sifa umebaki nazo wewe.

Na nina hakika wengi wangekubali kama wangeulizwa. Kumbukeni kilichotokea tarehe 2 na 3 Machi mwaka ule: watu duniani kote walikodi zaidi ya usiku 61,000 katika nyumba za ndani ya Ukraine kupitia Airbnb, jukwaa la mtandaoni la kukodisha nyumba, bila nia yoyote ya kwenda, ili tu pesa ziwafikie wenye nyumba kule. Mtu anayelipia kitanda asichokilalia, ukimwambia kuna mama na watoto wanahitaji chumba chako, atakataa?

Msimamo wangu ndio huo: awape nyumba, lakini aliyelipa aulizwe kwanza. Karibuni.

Mchangiaji, Nungwi

Dada yangu, shukran kwa mada, lakini hapo kwenye kuuliza tutagombana.

Mimi nna nyumba ndogo ya wageni huku kaskazini mwa Unguja, na ya Ukraine yalitufika hapa hapa. Vita vilipoanza, karibu Waukraine elfu moja walikuwa Zanzibar kwa mapumziko. Anga ya kwao ikafungwa, ndege hakuna. Serikali yetu ikazungumza na wenye hoteli wawahifadhi mpaka ipatikane njia, na baadaye wengi walirushwa hadi Poland. Nimewaona kwa macho yangu wamekaa baraza, watoto wanachezea mchanga na mama mtu hatoi jicho kwenye simu. Mtu kaja kuogelea, siku ya pili ni mkimbizi.

Bahati yetu, wakati ule ndiyo kwanza tunatoka kwenye korona, vyumba vilikuwepo. Lakini nimejiuliza sana: ingekuwa Agosti, nyumba imejaa? Ningefuta. Na nisingeuliza. Nakwambia kwa nini. Ukiuliza, mgeni ana haki ya kusema hapana. Na wengi watasema hapana, si kwa ubaya, wana watoto wao waliowaahidi bahari mwaka mzima. Sasa hapana ile ukishakuwa nayo mkononi, utafanya nini? Ukifuta, umemdharau mtu baada ya kumpa heshima ya kumuuliza. Usipofuta, mama na watoto wanalala nje na wewe ulikuwa na uwezo. Bora nibebe lawama peke yangu. Mgeni anilaani mimi, asiwe na la kujilaumu yeye. Na pale ofisini kwa wakimbizi au kituoni wakikuuliza "una nafasi au huna", wanataka jibu sasa hivi.

Mchangiaji, Nairobi

Wadau, mimi nitasema machache. Mkataba ni mkataba. Vita nchi jirani havijabomoa nyumba ya huyo jamaa wa Kraków, kwa hivyo hawezi kusema imeshindikana. Ameamua tu. Na mtu akiamua kuvunja mkataba, hata kwa sababu nzuri, analipa.

Majukwaa yenyewe yanajua hivyo. Airbnb tangu Agosti 2022 inamtoza mwenyeji anayefuta kati ya asilimia 10 na 50 ya bei ya buking, kutegemea amefuta mapema au dakika ya mwisho, na haipungui dola 50. Juu ya hiyo, zile tarehe zinafungwa asiweze kuzikodisha kwa mwingine. Kanuni hiyo ilikuja baada ya kisa hiki, na kuna dharura zinazosamehewa, lakini mimi naona huyu angelipa tu bila kuomba msamaha wa adhabu. Hiyo faini ndiyo mchango wake kwa wakimbizi. Anayetaka kufanya wema na asipungukiwe hata shilingi, mimi namtilia shaka.

Mtoa mada

Kaka wa Nairobi, kwenye faini tuko pamoja, ila faini inakwenda kwa jukwaa. Rafiki yetu ingemsaidia nini? Yeye alitaka mahali pa kumlaza mdogo wake usiku ule. Mwenye nyumba angepiga simu mbili kwa wenzake wenye apatimenti, maana wanajuana, angempatia hata chumba cha pembeni ya mji, na kama kina bei zaidi aongezee yeye. Hiyo ndiyo fidia ninayoielewa.

Na tumtendee haki: sidhani alifuata pesa. Sheria ya Poland ya tarehe 12 Machi ililipa zloty 40 kwa siku kwa kila mtu aliyehifadhiwa, kwanza kwa siku 60, baadaye 120. Huyu alifungua mlango kabla sheria hiyo haijapita. Ila mjue malipo yale yalikuwa kwa kuwahifadhi raia wa Ukraine. Aliyempokea kijana wa Kitanzania aliyetoka Kharkiv asingepata kitu. Hao wa kwetu walilala kwa wanafunzi wenzao. Kijana alipofika Kraków alipokewa na Mkenya asiyemfahamu, wakalala chini kwenye chumba cha bweni.

Mchangiaji, Bukavu

Mama mtoa mada, na ninyi ndugu wote, jambo.

Nasoma mnavyobishana, naona mnasahau kitu. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye watu wa Goma wakaambiwa waondoke, wengine walikwenda Sake, wengine wakavuka hadi Gisenyi, Rwanda, wengine walikuja kwetu Bukavu kwa mashua, ziwa Kivu lote. Wanashuka bandarini na magodoro kichwani na kuku mkononi. Nani aliwapokea? Familia. Nyumba ya vyumba viwili ililala watu kumi na tano. Na mwaka 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa kwanza, ilikuwa vile vile. Katika Kongo wakimbizi wa ndani walio wengi hawakai kambini, wako katika nyumba za watu.

Jirani yangu ana vyumba vya wageni. Mei ile alikuwa na wapangaji wawili, wafanyabiashara, wamelipa wiki. Hakumtoa mtu. Aliwaita sebuleni, akawaonyesha watu walioko mlangoni, akasema: ninyi wawili mtakaa chumba kimoja, kile kingine kinaingia mama na watoto, na chakula ni juu yangu. Mmoja alinung'unika siku nzima. Kesho yake alikuwa anawafundisha watoto kuhesabu kwa Kifaransa.

Kwetu mgeni aliyelipa hafukuzwi, anabanwa. Ninyi mmefanya kama kuna mawili tu, abaki au atoke. Mbona hamuulizi nyumba ile ya Kraków ilikuwa na vyumba vingapi?

Mchangiaji, Nungwi

Mama wa Bukavu umesema, lakini huko watu wanajuana, na mwenye nyumba yupo hapo hapo. Hawa wa apatimenti mwenyewe huenda anakaa mji mwengine, hajawahi kumuona mgeni wake. Utamlaza mwanamke aliyekimbia vita na watoto wake nyumba moja na mwanamme asiyemjua? Mimi siwezi. Na hata huyo mama akikubali, anakubali kwa sababu hana pa kwenda.

Na swali langu bado halijajibiwa. Mgeni akisema hapana?

Mtoa mada

Kaka wa Nungwi, la usalama wa yule mama nalikubali, ni zito kuliko nilivyolipima. Uamuzi wa kuchanganyika na mtu baki ungekuwa wa kwake kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na angepaswa kupewa njia nyingine ili akikataa akatae kweli.

Mgeni akisema hapana, muulize kwa nini. Akisema nimelipa, nataka kupumzika, basi futa, mlipe tofauti ya bei ya mahali pengine, na lawama beba kama ulivyosema. Sitakulaumu. Lakini rafiki yetu naye angesema hapana, na sababu yake ungeielewa kwa sentensi moja.

Mama wa Bukavu, nilimpigia simu rafiki yetu baada ya kusoma ulichoandika. Apatimenti ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, kila kimoja na kitasa na ufunguo wake, na kochi la kukunjua sebuleni. Anasema angemwachia yule mama vyumba vyote na funguo zote, na yeye na mdogo wake wangelala sebuleni mpaka asubuhi ya treni ya kurudi Ujerumani. Kama mama angeogopa, wangetafuta pengine kukiwa bado mchana, siyo saa nne ya usiku. Mwenye nyumba angelijua hilo lote kwa ujumbe mmoja wa kuuliza. Kwa hiyo kaka, ukisema huulizi ili mgeni asipate nafasi ya kukataa, unajuaje kwamba aliyeko upande wa pili si huyu?